Anayesema amemsikia Mungu amejuaje kuwa ni Mungu?

ILIKUWA Jumamosi, Novemba 28, 1981, wakati wa chakula cha mchana katika shule ya upili ya wasichana iliyosimamiwa na watawa huko Kibeho, kusini mwa Rwanda. Mwanafunzi kwa jina Alphonsine Mumureke alikuwa akiwahudumia wenzake katika chumba cha maakuli aliposema kuwa anasikia sauti ikimwita. Alitoka hadi ujiani, akapiga magoti na kumuuliza aliyemwita kuwa ni nani. Kwa mujibu wa maelezo yake, alijibiwa kwa Kinyarwanda kwamba ni Nyina wa Jambo, yaani Mama wa Neno. Msichana huyo alielewa kuwa anazungumza na Bikira Maria.

Wenzake walimcheka. Baadhi ya walimu walidhani anaumwa, wengine wakadhani anatafuta umaarufu.

Katika miaka hiyo hiyo ya themanini, kusini magharibi mwa Uganda, mwanamke kwa jina Credonia Mwerinde naye alitangaza kuwa Bikira Maria humtokea na kumpa ujumbe. Yeye na Joseph Kibwetere, aliyedai pia kuona maono, waliongoza kundi lililojiita Vuguvugu la Kurejesha Amri Kumi za Mungu. Mnamo Machi 17, 2000, mamia ya wafuasi wao waliteketea ndani ya jengo la kundi hilo huko Kanungu. Miili mingine ilifukuliwa baadaye kutoka makaburi ya halaiki katika maeneo mengine.

Kibeho leo ni mahali pa hija panapotambuliwa na Kanisa Katoliki. Kanungu ni jina linalotajwa kwa simanzi. Hata hivyo, madai yaliyozaa yote mawili yalikuwa ya namna moja: mtu fulani alisema kuwa ameona na kusikia yasiyoonekana wala kusikika na wengine.

Kwa Wakenya, suala hili si la vitabuni tu. Mwaka 2023, zaidi ya miili 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ya watu waliodaiwa kuhimizwa wajinyime chakula hadi kufa ili wakutane na Yesu. Kila Jumapili na kila Ijumaa, na hata siku za kazi mabarabarani na redioni, wapo wanaotangaza kuwa Mungu amewaambia hili au lile. Je, tajriba ya namna hiyo yaweza kumpa mtu maarifa ya Mungu? Au ni imani tu iliyovikwa joho la uhakika?

Maana ya kujua

Tajriba ya kidini, kama wasomi wanavyoitumia istilahi hii, ni tukio ambalo mtu huhisi kuwa amekutana ana kwa ana na Mungu au na hali takatifu ipitayo ulimwengu huu. Yaweza kuwa sauti, njozi, ndoto, au utulivu wa ghafla moyoni wakati wa sala. Makala haya yanahusu tajriba za watu wa kawaida. Wahyi wa mitume, ambao kwa waumini una daraja yake ya pekee, ni mada nyingine.

Mwanasaikolojia na mwanafalsafa wa Marekani, William James, alizichunguza tajriba hizi katika mihadhara aliyoitoa jijini Edinburgh, Scotland, mwaka 1901 na 1902. Mihadhara hiyo ilichapishwa kuwa kitabu mnamo 1902, na hadi sasa ndicho kianzio cha mjadala huu katika vyuo vingi.

James alitaja sifa nne za tajriba hizo. Ya kwanza ni kwamba hazielezeki kwa maneno. Ya pili ni kwamba anayezipata huhisi kuwa amejua jambo, wala si kuhisi furaha au woga tu. Ya tatu ni kwamba hazidumu, na ya nne ni kwamba humjia mtu pasi na yeye kuziendesha, kana kwamba ameshikwa na nguvu nyingine.

Sifa ya pili ndiyo kiini cha mzozo. Kuhisi kuwa umejua si sawa na kujua. Mwanafunzi aweza kutoka katika chumba cha mtihani akiwa na yakini kuwa amejibu maswali yote sawasawa, kisha matokeo yakamuumbua. Ndiyo maana tangu enzi za Wayunani wanafalsafa wamesisitiza kwamba ili imani ya mtu iitwe maarifa, sharti iwe kweli na tena iwe na sababu za kutosha za kuishikilia. Bahati nasibu haitoshi, na yakini ya moyoni pekee haitoshi.

Kwa hivyo, swali si kama Alphonsine aliamini alichokisema. Swali ni kama tukio lenyewe lilimpa, au linaweza kumpa mtu mwingine yeyote, sababu za kutosha.

Hoja ya wanaokubali

Wanaoafiki kwamba tajriba huleta maarifa huanza na jambo ambalo Waswahili wanalijua vyema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Yapo mambo yasiyojulikana kwa kusimuliwa.

Hoja hii aliitoa kwa ufasaha mkubwa mwanazuoni wa Kiislamu, Abu Hamid al-Ghazali, aliyezaliwa mwaka 1058 na kufariki 1111. Ghazali alikuwa mwalimu mashuhuri katika madrasa ya Nizamiyya mjini Baghdad. Mwaka 1095 ulimi wake ulifunga asiweze kufundisha, akaacha cheo na fahari na kushika safari ndefu ya ibada na upweke.

Kabla ya hapo alikuwa amepitia kipindi cha shaka kali, ambacho alikisimulia katika kitabu chake kuhusu kuokoka kutokana na upotovu. Aliona kwamba macho humwambia mtu kuwa nyota ni ndogo mfano wa dinari, ilhali hesabu za wanajimu zinathibitisha kuwa ni kubwa kuliko dunia. Akili huyasahihisha macho. Basi ni nani ajuaye, Ghazali alijiuliza, kama hakuna mamlaka nyingine juu ya akili ambayo ingeisahihisha akili yenyewe? Anayeota huyachukulia ya ndotoni kuwa kweli hadi anapoamka.

Jibu alilolifikia ni kwamba kuna ujuzi unaopatikana kwa kuonja, ambao masufi huuita dhawq. Tabibu mgonjwa aijua siha kwa fasili na sababu zake, alieleza, lakini kuijua siha kwa namna hiyo si kuwa na siha. Vivyo hivyo, kumjua Mungu kwa hoja za vitabuni si sawa na kumjua kwa kuonja.

Katika karne ya 20, hoja hiyo ilivikwa vazi jipya na mwanafalsafa Mwingereza, Richard Swinburne. Katika kitabu chake kuhusu kuwepo kwa Mungu, kilichotoka mwaka 1979, alisema kwamba kinachomdhihirikia mtu kuwa kipo, basi kuna uwezekano mkubwa kipo, ila ikiwa kuna sababu mahususi ya kukitilia shaka. Aliongeza kwamba yafaa pia kuwasadiki wengine wanaposimulia yaliyowafika, maadamu hakuna sababu ya kuwashuku.

Tuseme mfugaji amerudi kutoka malishoni karibu na Tsavo akasema ameona chui. Hakuna amwambiaye athibitishe kwanza kuwa macho yake ni mazima. Atasadikiwa, watu wataingiza mbuzi zizini, na mambo yataishia hapo. Watamshuku tu iwapo alikuwa amelewa, kulikuwa na giza, au anajulikana kwa uongo. Kwa nini basi, Swinburne anauliza, anayesema amemhisi Mungu adaiwe ushahidi ambao aliyeona chui hadaiwi?

Mmarekani William Alston alikwenda mbali zaidi mwaka 1991. Alidai kwamba hata imani yetu katika macho na masikio haiwezi kuthibitishwa bila kuyatumia macho na masikio hayo hayo. Tunayaamini kwa sababu ndiyo desturi iliyojengeka ya binadamu kujua mambo. Desturi ya waumini ya kumtambua Mungu katika sala nayo imejengeka kwa karne nyingi, ina kanuni zake na namna zake za kusahihisha makosa. Haifai, kwa maoni yake, kuidai ifuate kanuni za desturi nyingine.

Pingamizi tatu

Wanaopinga hawana upungufu wa hoja. Ya kwanza ni ya kale. Mwingereza Thomas Hobbes aliandika mwaka 1651 kwamba mtu anaposema Mungu amesema naye ndotoni, hajasema zaidi ya kwamba ameota kuwa Mungu alisema naye. Chui wa Tsavo aweza kufuatiliwa: kuna nyayo, kuna mzoga wa mbuzi, kuna majirani wataokwenda kuangalia. Mungu hatumiwi askari wa wanyamapori kumthibitisha. Palipo na makosa, hakuna njia iliyo wazi ya kuyagundua.

Pingamizi la pili ni tofauti za tajriba zenyewe. Msichana Mkatoliki wa Rwanda alimwona Bikira Maria. Mhindu aghalabu huona Krishna au mungu mwingine wa jadi yake, na mtawa wa Kibudha huweza kufikia hali anayoieleza bila kumtaja Mungu hata kidogo. Mwaka 1978 msomi Steven Katz alisisitiza kwamba mtu haendi kwenye tajriba akiwa mtupu. Huenda na lugha, mafunzo na matarajio ya dini yake, na hayo ndiyo yanayoiumba tajriba.

John Hick, mwanatheolojia Mwingereza, alijaribu kulitatua suala hili mwaka 1989 kwa kusema kuwa uhalisi ulio nyuma ya dini zote ni mmoja, nao huonekana kupitia miwani mbalimbali ya tamaduni. Jibu hilo lina mvuto, ila lina gharama yake. Ikiwa miwani ndiyo inayotoa rangi yote, basi anayeona amejua kuwa kuna kitu, lakini hajajua kitu hicho kikoje. Muumini anayedai kuambiwa maneno mahususi hawezi kuridhika na maarifa membamba kiasi hicho.

Pingamizi la tatu linatoka maabara. Siku ya Ijumaa Kuu mwaka 1962, mtafiti Walter Pahnke aliwakusanya wanafunzi 20 wa theolojia katika kanisa la Chuo Kikuu cha Boston, Marekani. Nusu yao walipewa silosibini, kemikali inayopatikana katika aina fulani za uyoga, na nusu nyingine wakapewa dawa isiyo na athari hiyo. Wengi wa waliopewa silosibini walisimulia tajriba nzito za kiroho. Katika kundi la pili karibu hakuna aliyefikia hali hiyo.

Je, hayo yanamaanisha kuwa tajriba ya kidini ni kazi ya ubongo tu? Hapa tahadhari yahitajika. Kila anachokihisi binadamu hupitia ubongoni. Harufu ya embe bivu nayo ina mkondo wake katika ubongo, na hakuna asemaye kwa sababu hiyo kwamba maembe hayapo. Kujua njia ambayo hisia imepitia si kujua ilikoanzia.

Isitoshe, sayansi yenyewe imewahi kujikwaa katika uwanja huu. Mtafiti Michael Persinger wa Canada alipata sifa kwa kofia yenye sumaku hafifu ambayo, kwa kauli yake, iliwafanya watu wahisi kuna aliye karibu nao. Watafiti wa Uppsala, Sweden, walipoirudia kazi hiyo na kutangaza matokeo mwaka 2005, hawakuona athari ya sumaku. Waliohisi jambo walikuwa hasa wale wepesi wa kuathiriwa na wanachokitarajia.

Hata hivyo, jaribio la Boston linabaki na funzo lisiloepukika: hisia ya uhakika mkubwa yaweza kuzalishwa kwa kidonge. Kwa hivyo ukali wa hisia, hata uwe mkubwa kiasi gani, si kipimo cha ukweli wake.

Dini zenyewe huchuja

Jambo ambalo mabishano haya mara nyingi husahau ni kwamba watu wa dini hawakusubiri wanafalsafa wawafundishe kushuku. Waraka wa kwanza wa Yohana tayari unawaonya Wakristo wasiipokee kila roho kabla ya kuipima.

Teresa wa Avila, mtawa wa Uhispania aliyeishi kati ya 1515 na 1582, aliona maono mengi. Baadhi ya mapadri waliomwongoza walimwambia yametoka kwa shetani, na kitabu alichoandika kuhusu maisha yake kilichunguzwa na mahakama ya kanisa. Teresa mwenyewe alikuwa akiyashuku. Alifundisha kwamba maono yapimwe kwa kinachobaki baada yake: je, yameacha unyenyekevu, utulivu na matendo mema, au yameacha majivuno na fadhaa? Leo anahesabiwa miongoni mwa walimu wakuu wa Kanisa Katoliki, cheo alichopewa mwaka 1970.

Katika Uislamu, wanazuoni wengi wanakubali kwamba ndoto njema yaweza kuwa bishara kwa aliyeiota, na kwamba mja mwema aweza kupewa ilhamu. Hata hivyo, katika misingi ya sheria wengi wao hawakubali kuwa ndoto au ilhamu ya mtu ni hoja ya kuwafunga wengine. Anayesema ameoteshwa kuwa haramu imekuwa halali hasikilizwi.

Kwa upande wa Afrika, mwanatheolojia Mkenya John Mbiti, aliyefariki mwaka 2019, alikusanya fikra kuhusu Mungu kutoka kwa zaidi ya jamii 200 za bara hili. Katika picha aliyoichora, Mungu hakujulikana kwanza kupitia njozi ya mtu mmoja. Alijulikana katika maisha ya jamii nzima: majina ya watoto, dua za mvua, viapo na methali. Waashanti wa Ghana, alivyoeleza, husema kwamba hakuna amwonyeshaye mtoto Mungu. Mtoto humjua tangu mwanzo. Katika mazingira hayo, hakuna awezaye kujidai kuwa ndiye pekee aliyeshika ufunguo.

Kibeho chini ya darubini

Kibeho yenyewe ni mfano wa uchujaji huo. Baada ya Alphonsine, mwanafunzi Nathalie Mukamazimpaka alitangaza maono mnamo Januari 1982. Machi mwaka huo alifuata Marie Claire Mukangango, ambaye awali alikuwa mstari wa mbele kuwapinga wenzake. Inasimuliwa kwamba wasichana hao walipokuwa katika hali ya maono, wenzao waliwachoma kwa sindano na kuwasogezea moto ili kuona kama watashtuka.

Mwaka huo huo wa 1982 askofu aliunda tume mbili, moja ya madaktari na nyingine ya wanatheolojia. Uamuzi haukutolewa upesi. Ni mnamo Juni 29, 2001, karibu miaka 20 baadaye, ambapo Askofu Augustin Misago wa Gikongoro alitangaza kuwa maono hayo yanastahili kusadikiwa. Wakati huo watu wengi walikuwa wamejitokeza kudai kuwa nao wameona. Tamko liliwatambua watatu pekee, wale wasichana wa kwanza.

Jambo linalotajwa sana kuhusu Kibeho ni maono ya Agosti 1982. Wasichana hao walilia na kutetemeka, wakasema wanaona mto wa damu, watu wakiuana na maiti zisizo na wa kuzizika. Miaka 12 baadaye yakatokea mauaji ya kimbari. Katika Kibeho kwenyewe, maelfu ya watu waliokimbilia kanisa la parokia waliuawa mnamo Aprili 1994.

Kwa waumini wengi huo ni ushahidi tosha. Anayepima kwa makini, hata hivyo, atatofautisha mambo mawili. Upande mmoja, maneno hayo yalitamkwa hadharani mbele ya umati miaka mingi kabla ya tukio, kwa hivyo hayawezi kufutwa kuwa hadithi iliyotungwa baadaye. Upande wa pili, Rwanda ilikuwa imeshuhudia umwagaji damu wa kikabila mwaka 1959, 1963 na 1973. Hofu ya kurudi kwa mauaji ingeweza kukaa moyoni mwa msichana yeyote wa nchi hiyo pasipo kuambiwa na mbingu. Ushahidi una uzito, ila hauifungi hoja.

Kanungu hali ilikuwa kinyume. Wafuasi walitoa mali zao na maisha yao yakatengwa na ya majirani. Mwisho wa dunia uliotabiriwa ufike mwishoni mwa 1999 haukufika. Badala ya utabiri huo kuhesabiwa kuwa kosa, ilitajwa tarehe nyingine.

Tofauti kati ya sehemu hizi mbili, basi, haikuwa nguvu ya maono. Hakuna mizani ya kuonyesha kuwa Mwerinde alihisi kwa uchache kuliko Alphonsine. Tofauti ilikuwa kwamba upande mmoja ulikubali kuchunguzwa na watu wasioamini, na upande wa pili ulijiweka juu ya kuchunguzwa.

Kifumbu na tui

Hata hivyo, uchujaji nao una mipaka ambayo yafaa isemwe wazi. Kifumbu huzuia machicha yasiingie chunguni, lakini hakithibitishi kuwa kilichopita ni tui zito na si maji matupu. Ndivyo ilivyo kwa vipimo vya dini. Vinaweza kuonyesha kwa uhakika mkubwa kuwa madai fulani ni ya uongo: anayetabiri kisichotokea, anayejitajirisha kwa maono yake, anayeamuru watoto wanyimwe chakula. Haviwezi kuonyesha kwa uhakika ule ule kuwa kilichobaki kimetoka kwa Mungu.

Hata kipimo cha matunda kina upungufu huo. Mtu aweza kuwa mpole na mkarimu zaidi kutokana na ndoto iliyosababishwa na homa. Wema wake ni wa kweli, lakini hauthibitishi asili ya ndoto.

Kanisa Katoliki lenyewe limeelekea kuukiri ugumu huu. Katika kanuni mpya zilizotolewa Vatican mnamo Mei 17, 2024, kwa kawaida maaskofu hawatangazi tena kuwa tukio fulani limetoka mbinguni. Uamuzi wa juu kabisa wanaoweza kuutoa, kwa idhini ya Vatican, ni kwamba hakuna kizuizi kwa waumini kulienzi tukio hilo. Na hata Kibeho, iliyoidhinishwa chini ya utaratibu wa zamani, hakuna Mkatoliki anayelazimika kuyaamini maono yake.

Hapa ndipo njia tatu zilizoanzia mbali mbali zinapokutana. William James alihitimisha kwamba tajriba ina haki ya kuwa na mamlaka juu ya aliyeipata, lakini haimbebeshi mtu wa nje wajibu wa kuikubali bila kuichunguza. Wanazuoni wa misingi ya sheria ya Kiislamu walisema karibu hayo hayo kuhusu ilhamu. Kanisa nalo linasema hivyo kuhusu maono ya mtu binafsi.

Kwa maneno mengine, tajriba yaweza kumpa mtu sababu ya haki ya kuamini, hasa kama amejihoji, yu timamu, na maisha yake hayakuharibika kwa sababu yake. Si lazima aitwe mjinga au mwendawazimu. Mama aliyepata faraja kaburini kwa mwanawe akasema Mungu alikuwa naye, hana deni la kumthibitishia jirani. Walakini tajriba hiyo hiyo, ikitolewa kwa wengine kama amri, imebadilika. Si onjo tena bali ni dai, na dai hudaiwa ushahidi.

Katiba ya Kenya, katika kifungu cha 32, inalinda uhuru wa dhamiri na dini. Hakuna hakimu wala afisa wa serikali mwenye kazi ya kuamua kama Mungu alisema na fulani. Mambo ambayo sheria inaweza kuyapima ni matendo: mtoto amekula? Mgonjwa amezuiwa kwenda hospitalini? Shamba limeuzwa na fedha zimekwenda wapi? Kabla mambo hayajafika kortini, maswali hayo yaweza kuulizwa na ndugu, jirani, kasisi au imamu. Wengi waliopoteza jamaa katika misiba kama ya Kanungu na Shakahola wamejua kwa uchungu thamani ya swali lililochelewa kuulizwa.

Swali si adui wa imani. Katika simulizi ya Kibeho, msichana aliyesikia akiitwa hakuanza kwa kutangaza wala kuamrisha. Kabla ya tume, kabla ya madaktari na kabla ya askofu, yeye mwenyewe ndiye aliyetangulia kuuliza: wewe ni nani?